Visahani vya Merrilee

Ansel alikuwa hajatimiza miaka sita jioni ile alipotoa nyama mdomoni mbele ya baba yake.

Walikuwa mezani wote watatu: Delphia, mumewe Royce aliyekuwa ametoka kukamua ng'ombe, na huyo mtoto wao wa pekee. Royce alikuwa anamtania tu.

"Haya bwana mkubwa, leo siku gani?"

Ansel akaacha kutafuna. "Jumatano?"

"Alhamisi, mzee wangu."

Basi mtoto akaingiza vidole viwili kinywani, akatoa tonge lililokwisha kutafunwa, la kijivu, linavuta uzi wa mate, akaliweka ukingoni mwa sahani polepole kama mtu anayeweka yai. Kisha akaweka mikono mapajani, akatulia.

"Uchafu gani huu?" Royce akafoka. "Mama Ansel, ndiyo mnayofundishana mchana kutwa hayo?"

Delphia alikuwa akimtazama mtoto usoni, na hakuona utukutu hata chembe. Mtoto alikuwa anangoja kuulizwa tena.

Delphia alimfundisha mwenyewe nyumbani, kama walivyofanya wanawake wengi wa kanisa lao kule Missouri. Na kusoma kulimwingia Ansel vizuri. Alianza na sauti za herufi mojamoja, akajifunza kuziunganisha, na kufika majira ya joto alikuwa anasoma maandishi ya boksi la nafaka ya asubuhi kwa kelele mpaka paka anatoka mbio. Ila kuandika maneno kwa kichwa, bila kuyaona, Delphia alikuwa hajamwanzishia. Kiingereza ni lugha ya hila. Chukua neno lao la kisu tu, knife: linaanza na herufi ambayo hakuna anayeitamka. Alitaka macho ya mtoto yayazoee maneno kwanza, mkono ufuate baadaye.

Aliyeingilia kati ni Merrilee, dada yake Royce.

"Wifi, unamchelewesha mtoto," alisema. "Linnet wangu nilimwanzisha akiwa na miaka minne. Niletee Ansel Jumanne kanisani, uniachie mimi."

Mama mkwe akamuunga mkono binti yake, Royce akamuunga mkono mama yake, na Delphia, asiyependa makelele, akakubali. Tangu siku hiyo Ansel hakusoma tena. Ukimfungulia kitabu anabana midomo kama anayepewa mafuta ya nyonyo.

Sasa, baada ya ile nyama, Delphia akaona kuuliza hakutoshi. Jumanne iliyofuata, wenzake walipokuwa ukumbini wakipanga vyakula walivyoleta vya mchana, yeye alishuka ngazi hadi chumba cha chini cha kanisa, akasukuma mlango bila kubisha.

Harufu ndiyo iliyompokea. Harufu ya sukari na mate yaliyolala.

Watoto watano walikaa mezani, na mbele ya kila mmoja pana kisahani cheupe chenye jina lake. Ndani ya visahani mna peremende nyekundu, mojamoja. Delphia alidhani zimeyeyuka kwa joto. Kisha akaona alama za meno.

"Linnet," Merrilee alikuwa anasema, "andika kisu."

Kisahani cha Linnet kilikuwa kitupu, peremende yake imetuna shavuni. Akaandika. Akakosa. Hakuambiwa neno, alitoa ulimi mwenyewe, na ile peremende ikadondoka kisahanini, to!, mate yakafuatia. Wekundu ukamchuruzika kidevuni hadi kwenye kola. Pembe za midomo yake zilikuwa zimechubuka. Akaandika tena, akapata. Akaiokota peremende. Ilikuwa imenasa unywele. Akairudisha kinywani na unywele wake.

Delphia akasogea hadi mezani.

"Aa, wifi! Karibu," Merrilee akasema kwa furaha. "Si unaona? Ukikosa unatema, ukipata unarudishiwa. Wanajifunza huku wanacheka. Na peremende moja inamfaa mtoto wiki mbili nzima, hatutupi kitu."

"Wiki mbili?"

"Navifunika kitambaa. Mdudu haingii."

Nzi mmoja alikuwa anatembea kwenye kisahani cha mwisho, hana haraka. Kilikuwa cha Ansel. Peremende yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, karibu nzima, imeota vumbi. Hakuwahi kupata neno la kumrudishia. Ansel alimtazama mama yake, midomo ameibana.

"Twende, baba."

"Somo halijaisha," Merrilee akasema.

"Kwake limeisha."

Merrilee akawafuata hadi ukumbini. Akajipakulia keki ya chokoleti, akajaza kinywa, ndipo akaanza kuwahutubia wenzake. "Jamani, huyu anaogopa mwanawe ataonekana mzito! Ndiyo maana anamficha nyuma ya sauti, sauti, sauti, kama anafundisha kasuku!"

Wanawake wakacheka. Delphia akachukua sahani safi, akaikinga chini ya kidevu cha wifi yake.

"Tema."

"Nini?"

"Keki. Umekosa, tema hapa."

"Delphia, una wazimu? Mbele za watu wanakula?"

"Nitakufunikia kitambaa. Utaimalizia Jumanne ijayo."

Kicheko kikakatika. Merrilee akalimeza lile pande lote kwa mkupuo, machozi yakamlengalenga. "Unatia kinyaa," akasema.

"Ndiyo. Wenzako wa kule chini wana miaka mitano."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto katika somo lile akaweka uma mezani. "Kule chini kuna nini?" akauliza, lakini hakungoja jibu, alikwishaanza kushuka ngazi.

Simu ya mama mkwe iliwahi kufika nyumbani kabla yao. Royce alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mikono kiunoni.

"Umemtukana dada yangu kanisani."

Delphia akamweleza yote, na unywele, na nzi. Royce akatema mate pembeni, akajifuta mdomo. Lakini ubishi ulikuwa bado haujamtoka. "Sawa, yale ni machafu. Ila mtoto si lazima ajue kuandika?"

"Atajua. Royce, mtamba unamkamua?"

"Mtamba ana nini cha kukamuliwa? Hajazaa."

"Ukimlazimisha?"

"Utamwumiza chuchu, na hata akizaa hutamsogelea tena. Atakupiga mateke..." Akatazama dirisha la jikoni, ambako mtoto alikuwa amekaa peke yake.

"Acha asome kwanza," Delphia akasema. "Kusoma kukimkaa kama kupumua, ndipo nitamwambia aandike. Tena tutaanza na maneno anayoyajua."

Mama mkwe hakukanyaga kwao vuli yote. Lile somo likafa, kwa sababu yule mwanamke aliyeshuka ngazi alipanda na mtoto wake, na wengine wakafuata. Linnet alibaki na mama yake, na kisahani chake kikabaki naye. Delphia akimfikiria, chakula kinamshinda. Visahani vingine vilioshwa, na siku hizi vinawekewa biskuti baada ya ibada. Watu wanakula. Delphia havigusi.

Jioni moja, baridi imeshaanza kuuma, Royce akajisahau mezani.

"Bwana mkubwa, ndama wa jana dume au jike?"

"Jike?"

"Dume."

Ansel akaacha kutafuna. Vidole viwili vikainuka kutoka mapajani. Royce akafumba macho kwa kosa lake. Delphia akainamia sahani yake mwenyewe.

Ndipo akasikia mtoto anameza.

"Basi nimekosea," Ansel akasema. Akavuta mkate, akavuta na siagi, akaigeuza karatasi iliyofungiwa siagi kwenye mwanga, na akaanza kuisoma, sauti baada ya sauti, kwa kelele, mdomo umejaa. Paka akatoka mbio.