Fundo la Mwisho

Kwa miaka mitatu, kazi kubwa ya daktari huyu anayesomea upasuaji, kwenye chumba cha upasuaji, ilikuwa kuvuta kulabu ili jeraha likae wazi, mpaka wauguzi wakambandika jina: Daktari Kulabu. Daftari lake lilijaa sahihi mia mbili na kumi na mbili za bosi wake, daktari bingwa aliyemfundisha, na kila sahihi ilisema "alishiriki". Kushiriki kwenyewe, hata taa ya darini ilishiriki.

Zamani daftari hilo lingetosha kumpandisha mwaka wa nne. Sasa umeingia utaratibu mpya: mwanafunzi aunganishe utumbo wa mpira mbele ya mtahini, peke yake, ndani ya muda uliopangwa, kisha maji yapitishwe ndani. Ukivuja, anarudia mwaka mzima.

"Utumbo wa mpira," bosi alinung'unika asubuhi ya mtihani. "Enzi zetu tulijifunzia kwa watu."

"Na hao watu walisemaje, Mzee?" sista akamuuliza, huku akipanga sindano.

Mtahini, mama mpole mwenye saa mkononi, alimruhusu bosi akae karibu na meza, mradi afunge mdomo.

Kulabu akashona. Likabaki fundo la mwisho, na hapo mkono wake ukanyanyuka wenyewe, ukamnyooshea bosi sindano. Mkono wa bosi nao ulikuwa tayari hewani kuipokea. Ndivyo walivyozoea: siku za nadra alizoachiwa kushona, fundo la mwisho lilikuwa la mkubwa.

Mtahini akaitazama mikono yote miwili.

"Daktari," akamwambia bosi, "kumbe mnatahiniwa wawili?"

Bosi akaushusha mkono, akaukalia. Aliukalia kweli, kama mtoto aliyekatazwa sukari.

"Funga, binti yangu," akanong'ona.

"Mdomo, Mzee," sista akamkumbusha.

Fundo likateleza. Kulabu akavuta pumzi, akafunga upya, saa ikiwa imebakiza nusu dakika. Maji yakapitishwa. Wote wakainamia beseni. Halikudondoka hata tone.

Mtahini akaandika: amefaulu. Kisha akachomoa fomu ya pili, maana utaratibu mpya haukuwasahau walimu.

"Jumatatu, Daktari. Kozi ya kufundisha, siku tano."

Bosi akaisoma fomu mara mbili. "Na zamu yangu?"

"Mwenzako atasimamia. Huyu atashona, na atafunga mwenyewe."

"Nikirudi je?"

Sista akamwekea kulabu kiganjani. "Ukirudi, Mzee, utashiriki."