Jani Lisilotaka Maji

Mwaka 2002, mji wa Kindu ulipozingirwa na wapiganaji, mashamba yakawa hayafikiki, Mama Aïcha aliamua kukimbilia msituni na wanawe. Asubuhi ya kuondoka aliingia kwa jirani yake Emerance na kopo la maziwa ya unga mkononi. Ndani mlikuwa na mmea mfupi wenye majani manono kama vidole vya mtoto, ya kijani, ncha nyekundu.

"Mama Emerance, utaniangalilia hii maua. Kila asubuhi uione."

Emerance alikuwa amelala mkekani. Mumewe Kabeya, fundi wa reli, alikuwa ameondoka na treni ya Kongolo, na wiki tatu nyuma mchuuzi mmoja alileta habari kwamba amezikwa huko. Tangu siku hiyo Emerance hakupika wala kuchana nywele. Alilipokea kopo kwa kukosa nguvu ya kukataa.

Kesho yake aliamka akaumwagilia mmea maji. Keshokutwa vilevile. Alipoona haukui, akaongeza. Mwezi haukuisha, shina likalainika, likawa jeusi, likaoza. Alilia kuliko alivyomlilia Kabeya, maana kifo cha Kabeya hakikutoka mkononi mwake.

Lilisalia jani moja tu. Alililaza koponi juu ya mchanga mkavu, akajizuia kulimwagilia. Kila siku mkono ulikiendea kikombe cha maji, akaurudisha. Siku ya kumi na mbili vikatoka vizizi vyembamba kama nyuzi, kisha kichipukizi kidogo kuliko punje ya mpunga. Alijifunza kungoja majani yaanze kusinyaa ndipo anyunyize. Alijifunza pia kwamba jua kali ndilo linaloyatia wekundu. Kivulini yalirefuka na kupauka.

Vita viliisha. Mama Aïcha hakurudi. Ilisemekana yuko Obokote, mbali na mji. Emerance aligawa vichipukizi mtaa mzima wa Mikelenge, ila kopo lile hakumpa mtu.

Mwaka huu, mwezi wa sita, mwanamke mzee alisimama mlangoni akiegemea fimbo. Emerance alimtambua kabla hajapiga hodi. Walikumbatiana, kisha Emerance akayatoa maneno aliyoyabeba zaidi ya miaka ishirini.

"Mama, unisamehe. Maua yako niliiua. Hii ni mutoto yake tu."

Mama Aïcha alilitazama kopo. "Maua gani?"

"Ile uliniachia."

Mzee alifikiri sana. "Sikumbuke maua. Nakumbuka ulikuwa haukule tena. Nilitafuta kitu ya kukuamusha."

Emerance kwanza alihisi hasira, kama mtu aliyetumikia kifungo bila kesi. Kisha hasira ikamtoka, na akaona aibu kwamba ameanza na habari za ua.

"Na watoto, mama?"

Mama Aïcha alilaza fimbo chini. "Aïcha ameolewa. Sumaili nilimuzika kule msituni. Sikupata mutu wa kumwambia namna ilikuwa."

Emerance alimsogezea kiti, naye mwenyewe akakaa karibu, magoti yao yakigusana.

"Uniambie mimi," akasema. "Tuko na wakati."