Koki ya Juu

Moshi ulikuwa umeshaingia kwenye mashuka. Mama Shaka aliyaanua harakaharaka, macho yakimchoma, simu ameibana kati ya sikio na bega.

“Washa vinyunyizio vya paani,” alisema Madamu, tajiri wake, aliyekuwa ameondoka na watoto mapema kwa magari yote mawili. “Na usithubutu kuvizima mpaka nikwambie.”

“Sawa, Madamu. Na mimi niondoke saa ngapi?”

“Uende wapi? Nyumba yenye maji ndiyo salama. Shukuru Mungu.”

Akafungua koki kubwa nyuma ya jiko. Paani vinyunyizio vikaanza kuzunguka, maji yakateremka juu ya vigae, kutani, kwenye maua, hata kwenye banda la mbwa, na mbwa mwenyewe kapakiwa garini. Chini bondeni, moto wa msitu ulikuwa unashuka kwenye majani makavu kuelekea mtaani kwake. Huko alikuwako mumewe, fundi viatu, na mama mkwe asiyeweza kutembea.

Majirani walimpa jina la Mama Shaka kwa sababu haamini kitu mpaka akigeuze. Mradi wa kukinga nyumba na moto ulipozinduliwa, na mabati yao nayo yakafungwa vinyunyizio, wenzake walipiga vigelegele maji yaliporuka. Yeye alizunguka nyuma ya ofisi ya mtaa, akakuta lori la maji limeegeshwa, mpira wake umeunganishwa na bomba la vinyunyizio vyao. Akasema alichokiona. Mwenyekiti wa mtaa akamjibu mbele ya kadamnasi:

“Mama, wewe hata jua likichomoza utalidai kitambulisho! Tangi ni moja, liko kule juu. Koki za juu zikifungwa, maji yote yanashuka kwenu. Ugumu uko wapi?”

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, mumewe akiwemo. Basi yale mapipa ya maji waliyozoea kuyaweka kila kiangazi yakapata kazi nyingine. Huyu alipanda mchicha, yule akafugia kuku. Mama Shaka aliling'ang'ania lake, hadi mumewe alipochoka kutaniwa akaliuza.

Simu ikaita. Alikuwa mumewe.

“Huku hakuna hata tone! Moto uko kwa jirani. Mama nimemvuta mpaka mlangoni, mgongo umenigomea.”

“Subiri. Usikate.”

Aliitazama koki. Moyo wake wote ulimwambia mwenyekiti ni mwongo. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na neno la yule mwongo ndilo pekee alilokuwa nalo. Akaifunga.

Paani kukawa kimya.

“Yamefika?”

“Bomba linakoroma tu.”

“Sikiliza vizuri, baba!”

“Hewa! Hewa tupu, mke wangu.”

Simu ikakatika. Akaifungua tena koki kwa mikono miwili, akauacha mlango wazi, akateremka mbio kwenye moshi.

Asubuhi, mtaa mzima ulikuwa umekaa kwenye uwanja wa shule, hakuna aliyebaki na nyumba. Mama mkwe alikuwa hai. Vijana walimtoa kwa toroli. Kule juu, Madamu alikuwa amepoteza pazia la jikoni. Mwenyekiti alifika na viatu vinavyong'aa.

“Mitambo haina kosa,” alisema. “Kosa ni mkono wa mtu. Madamu ana kamera. Huyu mama alifunga koki ya juu, maji yakakatika.”

“Si wewe uliyesema ikifungwa yanashuka kwetu?” Mama Shaka aliuliza.

“Mimi? Mimi nilisema koki zisichezewe.”

Aliwatazama waliokuwapo siku ile ya uzinduzi, mmoja mmoja. Kila mmoja akapata cha kuangalia kwingine. Mumewe ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini.

“Uliifunga?”

“Niliifunga. Ili maji yaje kwako.”

Mumewe akainamia viganja vyake vilivyoungua.

Jirani mmoja alikuwa anapita na ndoo na kikombe, akiwanywesha watu kwa zamu. Akamnywesha mama mkwe, akamshikia kichwa taratibu. Akamnywesha fundi viatu. Alipomfikia Mama Shaka alichota, akajaza kikombe pomoni, akakimwaga chini mbele ya miguu yake.