Moyo wa Kwenye Kipaza Sauti

Kitu cha kwanza alichokigundua Nester kilikuwa kidogo, kilikuwa chini ya vidole vyake vitatu. Alikuwa amemshika wifi yake Kwalea kwenye kifundo cha mkono ili asiogope. Mshipa ulipiga, na kipaza sauti cha mashine kikapiga. Ukapiga tena, nacho tena. Havikupishana hata kidogo.

Watu walijaa mpaka nje ya kliniki, wengine wakichungulia madirishani huku wanatafuna popoo. Mbunge alikuwa ameleta mashine ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, yenye picha yake ubavuni. Dawa ya kupaka ili mashine isikie vizuri haikuletwa, basi Sista Hilda alimpaka Kwalea mafuta ya nazi akaanza kutafuta. Juu ya kinena, kushoto, kulia. Mimba ilikuwa ya miezi mitatu na nusu. Alitafuta muda mrefu, akapata mikwaruzo tu.

"Vipi Sista, mtoto kalala?" aliuliza msaidizi wa mbunge. "Mwamshe basi, mheshimiwa ana safari."

Watu wakacheka. Sista hakucheka. Jasho lilimtoka puani.

Karibu na mlango alikaa Mama Abana, mama yake Nester, amepakata mkoba wenye nyuzi nyekundu zilizotungwa magamba ya kome. Ilikuwa mahari ya Kwalea. Kaka yake Nester alikuwa mbali, kambi ya magogo, na mahari hiyo ilikaa mkobani mwaka mzima kwa sababu mimba ya kwanza ilitoka. "Sisi tunalipia tumbo lenye mtu," Mama Abana alizoea kusema, mkwewe akisikia. "Upepo hata mbwa anao tumboni."

Ndipo sauti ikaja. Dup. Dup. Dup.

Sista Hilda mwenyewe ndiye aliyemfundisha Nester, siku moja wakifua mashuka: moyo wa mama hutembea, wa mtoto hukimbia kama wa kifaranga uliyemshika kiganjani. Nester alikuwa mfagiaji tu. Shule aliiachia darasa la nne. Lakini kutembea na kukimbia alivijua.

"Huyo," alisema Sista, taratibu.

"Huyo! Mpiga kura wangu!" mbunge alipaza sauti, na kliniki nzima ikashangilia. Mama Abana alisimama, akatoa nyuzi mkobani, akamvisha mama yake Kwalea begani mbele ya watu wote.

Kwalea aligeuza uso, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni. "Wifi, unamsikia?"

Nester alifungua mdomo. Sista alikuwa anamtazama. Kisha akainamia kadi na kalamu yake.

"Namsikia," Nester alisema.

Kwenye kadi Sista aliandika: Moyo upo. Mpiga picha akapiga picha. Mashine ikafungiwa kabatini isije ikaharibika.

Wiki tatu baadaye, wakimenya viazi vitamu jikoni, Kwalea alisema, "Wifi, matiti yangu yamelegea. Na sisikii tena kichefuchefu. Ndivyo inavyokuwa?"

"Mimi sijazaa, nitajuaje?" Nester alijibu, akachukua kiazi kingine.

Homa ilipokuja walikwenda kliniki. Sista alisoma kadi kabla hajamgusa mgonjwa. "Mtoto mzima, nimeandika hapa. Hii ni malaria." Akampa vidonge. Nester alikuwa amesimama na ufagio wake hatua mbili kutoka mezani. Alifagia pale pale palipokuwa pameshafagiwa.

Siku ya tatu damu ilianza, nyeusi, yenye harufu, kisha nyekundu isiyokoma. Boti ya kliniki ilikuwepo ufukweni na injini yake nzima. Petroli haikuwepo. Pipa zima lilikwisha siku ya sherehe kwa kuwachukua na kuwarudisha wageni. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakiomba, mpaka adhuhuri wakapata nusu dumu. Kwalea alifariki walipoupita mwamba wa nje, kabla mji wa Auki, wenye hospitali, haujaonekana.

Baada ya mazishi Mama Abana alituma watu wakadai nyuzi zake. Hakukuwa na mtoto, alisema, na mahari ilikuwa ya mtoto. Zilirudishwa.

Mwezi uliofuata picha ya sherehe ililetwa ikiwa kwenye fremu, na Nester akaambiwa aipangushe vumbi kila asubuhi. Mbunge yupo katikati, ameinua mkono. Pembeni Kwalea amelala, anacheka. Vidole vitatu vya Nester vinaonekana wazi juu ya kifundo chake.

Asubuhi moja Sista alikuwa nje anapima watoto uzito, na kabati lilikuwa wazi. Nester aliitoa mashine. Hakuwa na mimba, hakuwa na mume. Alijipaka mafuta ya nazi chini ya kitovu, akabonyeza kile kidude cha kusikilizia pale pale Sista alipobonyeza, akakisogeza kidogo kidogo.

Dup. Dup. Dup.

Polepole, kama mtu anayetembea. Siku ile wangempigia makofi hata yeye.

Nje mama mmoja alikuwa akiuliza kama leo wanasikilizishwa mioyo ya watoto. Nester aliitazama picha ukutani.

"Ulikuwa moyo wako, wifi," alisema kwa sauti. "Nilikuwa nimeushika mkononi."