Zamu ya Kobe Kushika Spika

Katika chumba kile cha cherehani sita sheria ilikuwa moja: anayemaliza fungu lake la asubuhi kabla ya wenzake ndiye anayeshika spika mchana wote. Aliiweka Bwana Mkasi mwenyewe, mkata vitambaa na msimamizi wao. Kwa miaka miwili zamu haikuwahi kumfikia binti waliyemwita Kobe, maana yeye akiona mshono umepinda hata kwa unywele, anafumua.

Basi akavumilia nyimbo za wengine, zile zile, mpaka nadhani hata cherehani zilizikariri. Zake alizisikiliza njiani. Simu ikimaliza wimbo aliouchagua haizimi, anaiacha imtafutie mwingine unaofanana nao. Bendi moja inampeleka kwa nyingine, kama mgeni anayeelekezwa nyumba kwa nyumba. Ndivyo alivyowafikia vijana wanne wenye magitaa, ngoma na tarumbeta, ambao simu ilisema kwa mwezi wanasikilizwa na watu mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi, dunia nzima! Kobe aliona ni dhuluma.

Siku hiyo zilikuwa kola za sare za shule. Wenzake walizikimbiza, Bwana Mkasi akapita na rula, akawarudishia karibu nusu wazifumue. Za Kobe akazigeuza, akazigeuza tena, hakupata kosa la kushika; basi yeye ndiye aliyekuwa amemaliza.

"Haya, Kobe. Leo spika yako."

Mama Vifungo, mkubwa wao kwa umri, akapiga kigelegele. Kobe akaunganisha simu. Tarumbeta likaanza peke yake, taratibu.

Bwana Mkasi akainua kichwa. "Hao ni kina nani?"

Kobe akawataja.

"Sijapata kuwasikia."

"Ndiyo maana nimewaweka, Bwana."

"Bendi hata mama zao hawaijui! Rudisha muziki wa watu."

"Na hawa ni watu."

"Unanijibu?"

"Si umeniuliza?"

Mtu akakohoa kuficha kicheko. Bwana Mkasi akaenda akachomoa waya wa spika. "Zamu yako imekwisha."

Kazi Kobe alikuwa anaihitaji. Lakini akajiambia, leo nikimeza hili, kesho nitamezeshwa hata mkasi wenyewe. Akamwaga vifungo vilivyokuwa kwenye bakuli la bati, akasimamisha simu ndani yake, akafungua sauti yote. Tarumbeta likatoka kama lina kutu, lakini likatoka.

"Kobe!"

"Sheria uliiweka wewe, na kola umezipima wewe kwa rula yako. Kama zimepinda, nirudishie. Kama hazikupinda, niachie mchana wangu."

"Na nikikufukuza?"

"Utanifukuza. Ila uwaambie hawa wenzangu nimekosa nini."

Mama Vifungo akaondoa mguu kwenye pedali.

"Mimi muziki huo sijaupenda," akasema, "wala sitaki kudanganya. Lakini zamu ni zamu, mwanangu. Ngoja nikupunguzie kelele."

Cherehani yake ikanyamaza. Ikanyamaza ya pili, ya tatu, mpaka bakuli likasikika kule kwenye meza ya pasi.

Bwana Mkasi alisimama na waya wake mkononi mpaka wimbo ukaisha.

"Haya, umeridhika? Zima sasa."

"Bado," Kobe akasema, akivuta kiti chake. "Albamu ina nyimbo tisa."

Akabonyeza wa pili, akajivutia fungu la mchana, akaanza kushona.