Mwendo wa Ishirini

Yadi ya magari ilikuwa na fomu ya ukurasa mmoja, na muuzaji hakutoa ufunguo kabla haijajazwa. Swali la saba liliuliza: Kwa nini umechagua gari hili? Chini yake palikuwa na visanduku vinne vya kutia alama: kasi, umbo, heshima, sababu nyingine. Mteja alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na sita, amevaa suti nyeusi iliyopauka mabegani. Alitia alama kwenye sababu nyingine, akaandika pembeni: Nimechelewa.

Muuzaji alisoma, akagonga muhuri. "Wengi huchagua kasi," alisema.

"Kasi sijaizoea," mteja alijibu.

Kweli hakuizoea. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa dereva wa gari la maiti katika kampuni ya mazishi, na kampuni ilikuwa na sheria zake: gari lenye jeneza halizidi mwendo wa ishirini, na dereva haachi msafara mpaka koleo la mwisho la udongo. Wenzake walimwita Ishirini. Hata mkewe, fundi cherehani, alimwita hivyo kwa utani. Juu ya cherehani yake alikuwa amebandika picha ya kalenda, gari la mbio la manjano, la milango miwili, limelala chini karibu liguse lami. "Ishirini," alikuwa akisema huku mguu wake ukikanyaga cherehani mbiombio, "iko siku utanipeleka mia mbili, mpaka kitambaa kinitoke kichwani."

Siku hiyo haikufika. Mkewe alifariki ghafla Jumatatu moja, miaka mitatu kabla ya ile fomu, na mazishi yakapangwa Jumatano saa nne asubuhi. Jumatano hiyo ratiba ilimpeleka Ishirini barabara ya kusini na marehemu mwingine, mzee mwenye ukoo mkubwa na makaburi ya mbali. Kampuni ilikuwa na magari mawili ya maiti na madereva wawili. Dereva wa pili, mwanamke aliyeitwa Breki, alikuwa kaskazini. Ishirini alikwenda kuomba ruhusa. Meneja alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akampa pole, akasema, "Ratiba ni ratiba, kaka yangu." Mkewe alipelekwa makaburini kwa pikapu ya jirani muuza magodoro. Ishirini alifika saa nane mchana, akakuta udongo umeshakauka juu na watu wameshaondoka kwenda kula. Alikuwa amechelewa kwa muda wa saa nne, na saa hizo zilimkaa rohoni tangu hapo.

Sasa alikuwa ameuza kiwanja walichokusudia kujenga, akanunua gari la kwenye kalenda. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shemeji yake, kaka wa marehemu, alisema anatafuta mke wa miaka thelathini. Muuza magodoro alisema kila mwanamume ana mwaka mmoja wa wazimu, na huyu wake umechelewa kuja. Breki alilizunguka gari mara mbili akiwa na kikombe chake cha chai.

"Limependeza," alisema. "Ila jeneza haliingii."

"Si la kazi," alisema Ishirini.

Gari lilikuwa na tabia moja. Ishirini alipokanyaga mafuta, injini iliunguruma na mshale ukapanda mpaka mia na themanini, lakini miti ilipita dirishani mmoja mmoja, bila haraka. Mwanamke mwenye ndoo kichwani alimpita, akamsalimu. Nyuma yake magari yalijipanga mstari mmoja, yakawasha taa mchana kweupe, na wanaume waliosimama kando ya barabara wakavua kofia. Askari wa barabarani alimwandikia kosa la mwendo kasi huku akitembea sambamba na dirisha.

"Mia na themanini, mzee wangu. Hapa mwisho ni themanini."

"Nimekosa, afande."

"Usirudie." Askari alimpa karatasi, akaongeza hatua, akamwacha nyuma.

Ishirini alilipeleka gari kwa makanika. Makanika aliingia mwenyewe, akatoka nalo kwa vumbi na kishindo, akarudi baada ya dakika mbili akifuta mikono.

"Gari halina neno," alisema. "Ni mguu wako, baba. Miaka ishirini na saba ya msafara, mguu haujui kingine."

"Sasa hiyo kasi inakwenda wapi? Maana mafuta yanaisha."

Makanika alichungulia saa ya gari. "Saa yako imerudi nyuma. Kwa hiyo kasi inaingia kwenye siku, inazirudisha nyuma. Isipotoka kwenye matairi, lazima itoke mahali." Kisha alimshauri abadilishe plagi, maana zilikuwa chafu.

Ndivyo ilivyokuwa. Alhamisi Ishirini alitoka nyumbani baada ya chai, akafika sokoni akakuta mezani kwa muuza magazeti magazeti ya Jumanne. Alinunua moja kupitia dirishani. Alipozima injini, Alhamisi ilirudi mahali pake, na gazeti mkononi likawa la juzi. Alikaa palepale muda mrefu akilitazama. Alipofika nyumbani alitoa shati jeupe ambalo mkewe alimshonea, akalipiga pasi.

Jumapili alijaza tangi mpaka juu na kushika barabara ya makaburini. Mshale ulifika mia mbili, ukakaa hapo. Miti ya kando ya barabara ikawa mifupi. Ukuta wa shule ukapoteza rangi yake mpya, na kituo cha mafuta kikageuka kiwanja kitupu chenye mbuzi wawili. Ishirini alitazama kioo cha nyuma. Mkewe alikuwa amekwenda na pikapu peke yake, bila hata baiskeli moja nyuma yake. Sasa nyuma ya Ishirini palikuwa na magari arobaini, pamoja na lori la kokoto na basi la timu ya mpira, yote yamewasha taa, na hakuna aliyepiga honi. Hapo aliona fahari, na hakujizuia kuiona.

Alifika langoni Jumatano ile ya miaka mitatu nyuma, saa nne kasoro dakika kumi. Muuza magodoro alikuwa anairudisha pikapu kinyumenyume. Ishirini alishuka, akaliacha gari likiunguruma, akaingia. Mama mkwe alisogea kidogo kumpa nafasi kando yake.

"Zima gari, bwana," shemeji alinong'ona. "Tuko mazikoni hapa."

"Siwezi, shemeji."

"Hata leo?"

"Liache liungurume," alisema mama mkwe. "Mwanangu alilipenda hilo."

Ishirini alishika kamba pamoja na wengine, wakateremsha jeneza taratibu, na hiyo ndiyo kazi aliyokuwa ameitazama kwa watu maelfu bila kuifanya. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Nimefika, mke wangu." Kisha alipewa koleo. Alitia udongo mara moja, mara ya pili. Alipochota mara ya tatu, kule langoni injini ilikohoa, ikazimika kwa kukosa mafuta. Akajikuta peke yake mbele ya kaburi lenye majani, koleo mkononi, na udongo mbichi juu ya koleo. Aliumwaga nao. Akalia kwa sauti, kama alivyopaswa kulia miaka mitatu nyuma, kisha akachukua dumu akaenda kutafuta petroli kwa miguu.

Jumatatu meneja alimwita ofisini.

"Jumatano ile ulikuwa kusini," alisema akipekua daftari la zamu. "Nimepata habari kuwa ulionekana makaburini."

"Nilikuwa kote kuwili."

"Kote kuwili hairuhusiwi saa za kazi, kaka yangu." Meneja alimpa barua ya onyo yenye tarehe ya miaka mitatu nyuma. Karatasi ilikuwa imeshaanza kuwa ya kimanjano. Ishirini alitia saini kuwa ameipokea.

Mwezi haukuisha, Breki akafiwa na baba yake. Mazishi yalikuwa Alhamisi saa nne, na ratiba ilimweka barabara ya kaskazini. Aliingia kwa meneja, akatoka na macho mekundu. Ishirini alikuwa uani anafuta vioo vya gari la manjano. Aliutoa ufunguo kwenye pete yake, akamwekea kiganjani.

"Jaza tangi," alisema. "Na usilizime hata wakikuomba."

"Mguu wangu utakubali?"

"Una miaka kumi na tisa ya msafara. Utakubali."

Meneja alikuwa amesikia yote dirishani. Alikuwa mtu wa utaratibu, tena hakuwa na roho mbaya. Kesho yake asubuhi tangazo lilikuwa ubaoni, limepigwa chapa na kugongwa muhuri: Wafanyakazi wanaohitaji kuzika ndugu zao watumie gari la Ishirini, baada ya saa za kazi.

Alhamisi saa nne baba yake Breki alizikwa. Breki alikuwa barabara ya kaskazini na marehemu wa watu wengine, mwendo wa ishirini, taa zimewashwa, na ufunguo wa gari la manjano mfukoni ukingoja saa za kazi ziishe.