Baridi ya Rutimbo

Jumatatu asubuhi, mwaka 2013, katika duka lake la kuchapa barua pale Misiera, kambini kwa wakimbizi, Nathalie alipangusa vumbi jekundu kwenye kompyuta kwa brashi ya kunyolea ya marehemu mumewe, akaiwasha, akachora nyumba ya nne ya kijiji cha Rutimbo. Kompyuta ikafika nyuzi tisini na moja za joto, ikazimika. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipoanza jana.

Rutimbo kilikuwa na nyumba arobaini na moja, juu kwenye milima ya Kivu Kusini, na mumewe Musoni aliuawa huko pamoja na ng'ombe wake. Ofisi moja ya Mbarara, ya madai ya wakimbizi, ilikuwa imeshamrudishia faili la kifo hicho mara tatu. Rutimbo hakimo katika orodha, walisema, na mtu hawezi kuuawa mahali pasipokuwepo. Hayo ni maneno ya watu waliokaa kivulini. Mara ya tatu karani, bwana mmoja mpole aitwaye Kabera, alimwambia alete picha ya kijiji kabla ya Ijumaa kwisha, la sivyo faili linafungwa. Nani aliwahi kukimbia risasi na kamera mkononi? Basi Nathalie akawa anakichora Rutimbo kwenye kompyuta, nyumba kwa nyumba, mama mkwe wake Nyirabizimana akimwelekeza. Kwa mwendo ule, picha ingekamilika baada ya siku tisa.

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ingeweza kupandishwa mwendo kupita ule iliotoka nao kiwandani, lakini mwendo huzaa joto, na kipoza chake kidogo cha alumini kilikuwa kimeshashindwa hata na mwendo wa kawaida.

Jumanne akapandia gari kituoni Rwekubo, akashukia Mbarara, akaenda kwa Rwakabuba, muuza vipuri. Rwakabuba alimwekea vipoza vitatu mezani.

"Nyabo, hii ya maji inapoza sana," alisema, akimwita mama kwa lugha ya Mbarara. "Lakini ikivuja, computa inakufa yote. Hii fupi inaingia vizuri, lakini ni ya mtu wa kuandika barua tu. Hii refu ndiyo ya kazi."

Kile kirefu kilikuwa na mabomba sita ya shaba na feni kubwa kama sahani ya ugali. Nathalie si mtu wa kudanganywa na ukubwa. Aliangalia kama miguu yake italingana na matundu ya ubao wa kompyuta, akasoma nyuma ya boksi kiasi cha joto kinachokiweza, kisha akatoa uzi wenye fundo aliopimia kina cha kasha. Kipoza kililipita fundo kwa vidole viwili.

"Haiingii," alisema Rwakabuba.

"Itaingia. Mufuniko njo itabaki inje," alisema Nathalie kwa Kiswahili cha Kivu: kifuniko ndicho kingebaki nje.

Akakinunua, lakini njiani kurudi kifuko cha pesti, ile ya kupakwa kati ya prosesa na kipoza ili joto lipite, kilipasuka ndani ya mkoba. Mbarara ilikuwa imeshabaki nyuma na Ijumaa ilikuwa mbele. Alipofika dukani Nyirabizimana akauliza shida ni nini, akaelezwa.

"Kumbe ni chuma mbili zinakatala kushikana," alisema. "Mutoto yangu, mafuta njo kitu tuko nayo."

Akatoa kibuyu cha samli. Ilitoka kwa ng'ombe wa Rutimbo, na mwaka 2004, walipokimbia, aliibeba hiyo akaacha sufuria. Kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo alipakwa tone moja utosini ili ajue kwao, na samli ile haikuwa na kazi nyingine. Fundi yeyote angewaambia kwamba samli huyeyuka na kuungua, lakini hapakuwa na fundi. Bibi alipaka tone moja katikati ya prosesa, akaitajia majina ya ukoo, na Nathalie akakaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kipoza kisije kikalalia upande mmoja.

Kisha akapandisha mwendo kwa hatua ndogo. Kiwango cha umeme wa prosesa hakukigusa, maana hapo ndipo wenye pupa huchomea mali zao. Kila hatua aliipa nusu saa, akaandika joto daftarini. Hatua ya kwanza, nyuzi hamsini. Ya pili, thelathini na tano. Ya tatu, kumi na mbili, na feni ikaanza kutoa ukungu.

Ulikuwa ukungu wa Rutimbo, wenye harufu ya mianzi mibichi na samadi. Ulijaa dukani hadi magotini. Alhamisi mteja mmoja, Yonatani, aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho, alifunga vifungo vya koti akasema atarudi kesho, kwani picha hizo hutaka nyuma pawe peupe lakini si kiasi hicho. Nyirabizimana akavuta kiti karibu na feni. Ndani ya ukungu ng'ombe walikuwa wakicheua.

"Ile inakohoa njo ya Musoni," alisema.

Nathalie aliweka kipanya chini akalia. Alipomaliza aliendelea kuchora, maana zilikuwa zimebaki nyumba kumi.

Ijumaa aliibeba kompyuta nzima hadi Mbarara, akaiwasha mezani kwa Kabera. Kabera alivaa koti lake, akazitazama nyumba zote arobaini na moja bila haraka.

"Ni picha mzuri, mama. Na hii baridi inatoka wapi?"

"Rutimbo."

Kabera akainua miguu kumpisha ng'ombe, akaipitia orodha yake kwa kidole, toka juu hadi chini, kwa haki kabisa.

"Lakini Rutimbo haiko," alisema. Akagonga muhuri: mahali hapajulikani. Karatasi ilikuwa imelowa umande, ikabidi agonge mara mbili. "Pole, mama. Faili imefungwa."

"Funga," Nathalie alisema. "Miye sifunge."

Akarudi Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata tena. Alichomeka waya kwenye soketi ya barazani na kuelekeza feni mlangoni. Kufikia mwezi wa tatu wa kurudi kwake ofisi ilikuwa imekaa kikao kuhusu jambo hilo. Rutimbo hawakukiongeza kwenye orodha. Waliwanunulia wafanyakazi wote masweta, ya buluu, yenye jina la ofisi kifuani.

Nathalie aliyaona, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akainama kwenye kompyuta yake, akapandisha hatua moja zaidi.